Kwa Daktari Mhamiaji Anayeanza Kuwatibu Askari wa Uingereza

Daktari mwenzangu uliyesomea Muhimbili, Nairobi au Makerere, kisha ukafaulu PLAB, mitihani ya madaktari waliosomea nje ya Uingereza, na kusajiliwa huko, ukiajiriwa kama raia katika idara ya jeshi ya afya ya akili utakuta kwamba magonjwa unayafahamu: sonona, kiwewe cha vita, ulevi. Kilicho kigeni ni hofu ya mgonjwa. Kila mwanajeshi ana daraja la afya linaloonyesha kama anaweza kutumwa popote, kutumwa kwa masharti, au asitumwe kabisa, na ripoti yako yaweza kulibadilisha. Askari anajua kwamba safari, cheo, na pengine kazi yenyewe pamoja na nyumba ya familia vinategemea daraja hilo. Kwa askari aliyetoka Kenya au Fiji hofu huongezeka, kwa sababu msamaha wake katika sheria za uhamiaji hukoma anapoacha jeshi. Wewe uliyewahi kusubiri viza unaielewa hofu hiyo kuliko wenzako wengi.

Ndiyo maana kabla ya swali lolote la kitabibu mimi humweleza mgonjwa nani atajua nini: kwamba kwa kawaida kamanda huambiwa mipaka ya kazi anayoweza kuifanya, wala si ugonjwa wenyewe, na kwamba usiri una kikomo panapokuwa na hatari kubwa kwake au kwa wengine. Nikiona haifai ashike silaha, namwambia mwenyewe, ana kwa ana, kabla taarifa haijafika kikosini. Askari huvumilia uamuzi mgumu, kuzungukwa hakuvumilii.

Jifunze pia vyeo na muundo wa vikosi, na umuulize kwanza kuhusu kazi yake kabla ya kumuuliza anavyojisikia. Usiudharau utaratibu wa kukabili kiwewe uitwao TRiM, ulioasisiwa na Royal Marines, kikosi cha makomando wa jeshi la majini la Uingereza, ambapo askari waliofunzwa huzungumza na wenzao siku chache baada ya tukio la kutisha na tena baada ya mwezi hivi. Hayo si matibabu, lakini mara nyingi wao ndio wanaomleta mgonjwa kwako.

Anayekaribia kuacha jeshi mwandalie njia mapema, maana matibabu ya jeshi hukoma: ajiandikishe kwa daktari wa NHS, huduma ya afya ya umma, na akiishi England umuunganishe na Op Courage, huduma ya afya ya akili kwa wastaafu wa jeshi iliyopewa jina hilo mwaka 2021, ambayo humpokea hata kabla hajavua sare.