Mbona kampuni kubwa hazichapishi ripoti za mazingira?

Swali: Nasomea uhasibu Nakuru. Kwenye utafiti wangu nimekuta kampuni kubwa kadhaa za Kenya hazina ripoti ya mazingira hata moja. Je, zinaficha uchafuzi?

Jibu: Wapo wanaoficha. Wengi, hata hivyo, hawachapishi kwa kuwa sheria haijawabana. Mwongozo wa kuripoti mazingira uliotolewa na Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2021 unazihusu kampuni zilizoorodheshwa sokoni. Kampuni ya familia haimo, hata ikiajiri maelfu. Viwango vya kimataifa vya IFRS S1 na S2, vya kuripoti masuala ya uendelevu na tabianchi, navyo vilitolewa Juni 2023, lakini hapa kwetu ulazima umepangwa kuanza 2027.

Ugumu mkubwa uko kwenye hesabu zenyewe za gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani. Umeme na dizeli ya jenereta vina bili na risiti. Lakini gesijoto inayotokana na mbolea ya mkulima anayekuuzia chai, lori la kukodi, meli, mpaka mnunuzi anapochemsha maji jikoni kwake, utaipimaje? Katika kampuni nyingi hilo ndilo fungu kubwa kuliko yote, na hujazwa kwa makadirio. Mkurugenzi wa fedha anajua kwamba mwakani mbinu ya kukadiria ikibadilika, tarakimu inaweza kupanda ilhali kiwandani hakuna kilichobadilika. Hapo huona heri anyamaze.

Kuna pia hofu ya kushtakiwa. Juni 2024 Kanada ilirekebisha sheria yake ya ushindani, ikataka madai ya kutunza mazingira yawe na uthibitisho; adhabu inaweza kufika asilimia 3 ya mapato ya kampuni duniani kote. Pathways Alliance, muungano wa kampuni za mafuta za huko, ukafuta maudhui ya tovuti yake. Siwaonei huruma: anayejisifu hadharani lazima awe na ushahidi.

Kwa utafiti wako, usiishie kwenye tovuti za kampuni. Chini ya sheria ya mazingira ya 1999, miradi mingi mikubwa hufanyiwa ukaguzi wa mazingira kila mwaka, na ripoti hupelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Iandikie NEMA ukitaja kiwanda na mwaka unaoutaka. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa taasisi ya umma siku 21 kukujibu, na ukinyimwa unaweza kupeleka malalamiko kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala.