Asubuhi Linawaka, Likipata Moto Linagoma

SWALI: Shikamoo fundi. Asubuhi gari langu linawaka mara moja. Nikiendesha nusu saa kisha nikazima kwa dakika kumi tu, haliwaki tena mpaka nikanyage mafuta hadi mwisho, na linanuka petroli. Moshi ni mweusi. Taa ya injini haijawahi kuwaka, na geji ya joto inakaa katikati kama kawaida. Nimeshabadilishiwa plagi, sasa naambiwa ni pampu ya mafuta. Nikubali?

JIBU: Marahaba. Usikubali kwanza. Pampu iliyochoka huinyima injini mafuta, na yako inazidishiwa. Harufu na moshi huo vinasema hivyo.

Ninayoishuku ni sensa ya joto la maji, ile ndogo yenye nyaya mbili, mara nyingi iko karibu na thamostati, yaani vali inayoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi, ukinzani wake, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita (hupimwa kwa omu), huwa mkubwa: kwa magari mengi ni omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20. Maji yakifika nyuzi 80 unashuka hadi omu 300 hivi, na hapo ndipo kompyuta ya gari inapojua kupunguza petroli. Geji isikudanganye, maana magari mengi yana sensa nyingine ya geji peke yake.

Lakini usikimbilie kununua sensa. Niliwahi kuletewa gari lenye ugonjwa huu huu, mwenyewe ameshafunga sensa mpya mbili. Nilichomoa soketi, nikaimulika kwa tochi: pini moja imevaa unga wa kijani, umekauka kama chumvi. Kutu ile iliongeza kama omu 1,000. Sasa piga hesabu. Asubuhi, 2,500 ikawa 3,500; kompyuta ikaona baridi imezidi kidogo tu, gari likawaka. Injini ilipopata moto, 300 ikawa 1,300, na kompyuta ikaamini maji yako nyuzi 35 hivi. Ikamwaga petroli ya injini baridi ndani ya injini ya moto. Na kwa kuwa nyuzi 35 ni joto linaloaminika, taa haikuwaka. Nilisafisha pini na kubana soketi, ikaisha.

Kwa hiyo mwambie fundi wako aunganishe mashine ya kusoma kompyuta gari likiwa limelala usiku kucha. Joto la maji na joto la hewa inayoingia vinatakiwa kukaribiana sana. Kisha achomoe soketi ya sensa: kwa kawaida usomaji huanguka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Aunganishe matundu mawili ya soketi kwa kipande cha waya: unatakiwa kuruka juu ya 120. Ukigoma kupanda hivyo, kasoro ni soketi au nyaya. Ukipanda vizuri, hapo ndipo sensa yenyewe ipimwe kwa multimita, kile kifaa cha kupima umeme na omu, ichovywe kwenye sufuria ya maji yanayochemshwa taratibu pamoja na kipimajoto. Kuifungua kwenye injini asubiri ipoe kabisa. Maji yale yanaunguza vibaya.

Wakati unasubiri, sikiliza feni ya rejeta. Kwa magari mengi inaamriwa na sensa hiyo hiyo, na ikidanganywa kwamba maji ni baridi haitazunguka. Ukikaa kwenye foleni huisikii kabisa, egesha na uzime.