Mgeni hatafuti dira yenu kwenye menyu

Dada mmoja wa Mbale, anayepeleka watalii Sipi na Mlima Elgon, ameniandikia WhatsApp juzi: "Kaka, kwenye tovuti yangu bei zipo, njia za kupanda mlima zipo, picha zipo. Mbona kila mtu ananipigia kuuliza bei? Na Google ukinitafuta unaletewa ukurasa wa mwanzo tu."

Nikaifungua kwenye simu. Menyu yake: Mwanzo, Kutuhusu, Dira, Timu, Huduma, Matukio, Zaidi. Bei zimefichwa ndani ya Zaidi. Maporomoko ya Sipi, ambayo ndiyo yanayomtoa mtu kwao hadi Kapchorwa, yako ndani ya Huduma, kisha Huduma za Nje, kisha Kundi B. Nilicheka kidogo tu, maana menyu ya namna hii naijua vizuri. Niliwahi kupigana isizaliwe, nikashindwa.

Kuna kampuni ya safari hapa Kampala iliyonipa kazi ya tovuti. Kabla ya kuchora chochote nilikaa mapokezi na binti anayejibu wateja, nikamwomba anionyeshe wanachouliza. Yalikuwa yale yale kila siku: kibali cha kuona gorila ni bei gani, Bwindi ni mbali kiasi gani kutoka Entebbe, mtoto wa miaka 13 anaruhusiwa (haruhusiwi, umri wa chini ni 15), sokwe wa Kibale tunaweza kuwaunganisha kwenye safari hiyo hiyo? Nikatoka pale menyu imeshajiandika: Gorila wa Bwindi, Sokwe wa Kibale, Murchison Falls, Bei na Vibali, Kutuhusu, Wasiliana Nasi.

Kikaoni ikawa vita. Mtu wa masoko alitaka Habari na Matukio iwe ya kwanza. Mwingine alitaka kila idara iwe na sehemu yake. Mzee mwenye kampuni alitaka Ujumbe wa Mkurugenzi, pamoja na picha yake amevaa suti. Nikawaambia waende Old Taxi Park wakaangalie: steji zimeandikwa magari yanakokwenda, Ntinda, Kireka, Mukono, na hakuna abiria anayeuliza jina la mwenye gari. Mzee akanitazama, akasema, "Kijana, menyu yako ni ya kimaskini." Kazi akapewa mtu mwingine. Salio la malipo yangu likaishia pale pale, na sitasema limeshaacha kuniuma.

Menyu ya huyo mwingine ilikuwa na mbwembwe zake, lazima nikiri. Picha kubwa ya gorila, ukipitisha kipanya juu yake majina ya mbuga yanachomoza moja moja. Sasa, kwenye simu hakuna kipanya, na wateja wao wengi waliingia kwa simu. Mbaya zaidi, yale majina hayakuwa viungo. Nilipokuja kuyafungua kwenye kodi, yaani maandishi ya programu yanayojenga tovuti, niliona ni maneno matupu yaliyofungwa amri ya JavaScript, bila href (anwani ambayo kiungo hukupeleka) hata moja. Google hufuata kiungo chenye href. Haikai pale ikibofya vitu ili ione kitatokea nini. Kwa hiyo ukurasa wa Bwindi ulikuwepo, umeandikwa vizuri, picha safi, na hapakuwa na njia ya kuufikia. Fikiria: kibali kimoja cha gorila kwa mgeni wa kutoka nje ya Afrika kilipanda hadi dola 800 mwaka 2024, na ukurasa unaokiuza hauonekani.

Mwaka huu walinipigia. Nikawarudishia menyu ile ile ya kimaskini, karibu neno kwa neno. Baada ya muda Search Console, chombo cha Google kinachoonyesha watu wanavyokufikia kwa kutafuta, ikaanza kuonyesha watu wanaoingia moja kwa moja kwenye kurasa za Bwindi na Kibale, na binti wa mapokezi akaniambia maswali yamebadilika: sasa wanauliza tarehe, hawaulizi bei. Mzee akanitumia "asante sana mwanangu". Salio la zamani hakuligusa.

Sasa nisikilizeni, maana najua wengi mnaosoma hapa mnataka tovuti zilete wateja kutoka Uingereza na Marekani wakati mmelala. Menyu isiandikwe na bosi. Iandikwe na anayepokea simu. Chukua maneno ambayo wateja wanayatumia wenyewe, uyaweke yalivyo. "Huduma" haimwambii mtu kitu, wala haiiambii Google ukurasa unaofunguka unahusu nini. Maneno ya kiungo ni sehemu ya jinsi inavyoelewa ukurasa huo. "Bei za Kupanda Mlima Elgon" inawaambia wote wawili kwa mara moja. Dada wa Mbale nimemwambia hivyo hivyo, na neno Zaidi nimemwambia alifute leo.

Jaribio ambalo halihitaji fundi: shika simu, bonyeza jina kwenye menyu bila kuachia. Simu ikikupa chaguo la kufungua kwenye kichupo (tab) kipya, hicho ni kiungo cha kweli. Isipokupa, mpigie aliyekutengenezea na usimlipe awamu ya mwisho. (Ndiyo, najua nimetoka kulalamikia salio. Mimi viungo vyangu hufunguka.)

Vile vistari vitatu vya menyu ya simu vina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Mbunifu Norm Cox alivichora kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star mwaka 1981. Sivichukii, lakini kitu kilichofichwa hakitafutwi na kila mtu. Nielsen Norman Group, watafiti wa jinsi watu wanavyotumia tovuti, walilipima jambo hilo mwaka 2016 wakakuta menyu iliyofichwa inapunguza sana uwezekano wa watu kugundua kilichomo. Mimi huacha viungo viwili nje, Bei na Wasiliana, na kando ya vistari naandika "Menyu". Google yenyewe haisumbuki na vistari mradi viungo vimo ndani ya kodi. Inasumbuka pale fundi anapofuta viungo vyenyewe kabisa kwenye toleo la simu ili papendeze, kwa sababu siku hizi inasoma tovuti kama simu inavyoiona.

Kuna wanaoshikilia kwamba menyu isizidi vitu saba. Hiyo imetokana na makala ya mwanasaikolojia George Miller ya 1956, iliyohusu kumbukumbu. Menyu iko mbele ya macho, hakuna anayeikariri. Vikiwa tisa na vyote vinaeleweka, viacheni. Vikiwa vitano vya kubahatisha, bado ni vibaya. Kinachonikera mimi ni vilivyosongamana hadi kidole gumba kinabonyeza viwili pamoja. WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na kila mtu, unataka sehemu ya kubonyeza iwe angalau pikseli 24 kwa 24, na mimi naona hata hizo ni chache kwa mtu aliye nyuma ya boda.

Mambo ya sera, ajira, Ujumbe wa Mkurugenzi, yote yakae chini ya ukurasa. Atakayeyahitaji atashuka.

Na mkibadilisha menyu, msibadilishe anwani za kurasa. Nimeona watu wakipanga upya majina pamoja na anwani za kurasa kwenye WordPress, na viungo vyote ambavyo wanablogu wa safari walishaweka vikaangukia kwenye 404, ule ujumbe wa ukurasa usiopatikana. Jina la kwenye menyu na anwani ya ukurasa ni vitu viwili, unaweza kugusa kimoja ukaacha kingine. Kama anwani lazima ibadilike, wekeni uelekezo wa 301, unaompeleka mtu wenyewe kutoka ya zamani kwenda mpya, siku hiyo hiyo, kisha mfungue ile ya zamani kwa simu isiyo yenu na kuona inapowapeleka.