Pointi 550 kwa sifuri?

SWALI: Shikamoo mzee. Mwanangu anasoma Michigan, Marekani. Anadai timu ya chuo chao iliwahi kumaliza msimu bila kufungwa hata pointi moja. Ananifunga kamba? – Mama wa Tanga

JIBU: Marahaba. Hakudanganyi. Msimu wa 1901, chini ya kocha Fielding Yost, walicheza mechi 11: pointi 550 kwa 0. Timu ya Buffalo peke yao walitandikwa 128! (Nilidaka shuleni, nikaacha baada ya kufungwa sita.) Ila si soka letu, ni mpira wa yai wa Kimarekani, na kuuvusha mstari kulikuwa pointi 5 tu. Mechi ya mwisho ya msimu huo, Januari 1, 1902, kule Pasadena, California, chuo cha Stanford walikubali yaishe kabla ya muda, wakiwa nyuma 49–0. Waandaaji wa Pasadena hawakurudisha mpira huo hadi 1916.