Re: Binti yangu anataka kuwa profesa wa meno

Dada, umeuliza kama bintiyo akitoka Lamu kwenda kusomea meno ataishia kung'oa magego tu. La hasha! Chuo Kikuu cha Nairobi digrii ya kwanza ni miaka 5, kisha mazoezi ya hospitalini, uzamili, uzamivu. Njia ndefu, sikufichi. Uprofesa wenyewe hutazama zaidi tafiti alizochapisha na wanafunzi aliowasimamia.

Na ya kuchunguza yako hapo hapo barazani. Ile popoo, kokwa ngumu inayotafunwa pamoja na jani la tambuu (hata nyanya yangu alikuwa haiachi), husababisha saratani ya kinywa, hata bila tumbaku. Hukaza mashavu kwa ndani, mtu akashindwa kufunua mdomo. Mtafiti anayejua kuzungumza na wazee wetu angefaa sana. Masomo yake ya sayansi shuleni vipi, lakini?