Kwa Wanaoanza Kuchambua Ruzuku za Kilimo

Kijana anayeingia katika kazi ya kuchambua sera za kilimo hapa Dar es Salaam hukabidhiwa kwanza majedwali ya bajeti, naye huanza kulinganisha fedha zilizotengwa na zilizotumika. Ningemshauri aanzie upande wa pili: bei aliyolipa mkulima na tarehe aliyopata mfuko wake wa mbolea. Fedha zinaweza kuwa zimetumika kihalali, na hesabu zikakaguliwa zikaonekana safi, lakini zisimfae mkulima.

Nyanda za Juu Kusini hupata mvua za msimu mmoja, na mahindi hupandwa kuanzia Novemba. Mbolea ya kupandia inayofika kijijini mwishoni mwa Januari imeshapitwa na kazi yake msimu huo, ingawa ya kukuzia huenda bado ina nafasi. Kwa hiyo ripoti inayotaja tani zilizosambazwa bila kutaja aina ya mbolea wala mwezi irudisheni kwa aliyeiandika, kwa adabu, hata kama ni mkubwa wenu.

Someni kwa makini mpango wa vocha za pembejeo ulioanza msimu wa 2008/09. Mkulima wa mahindi au mpunga alipewa vocha za ekari moja, zilizofidia takriban nusu ya gharama, na nusu iliyobaki akailipa mwenyewe. Suala gumu liko katika nusu hiyo ya pili, kwa kuwa mkulima maskini anaweza kupewa vocha akakosa fedha ya kuongezea, ilhali jirani yake mwenye uwezo alikwisha kuzoea kununua mbolea dukani. Ikiwa jirani huyo alikuwa akinunua mifuko miwili kwa fedha zake, na sasa ananunua mmoja kwa vocha na mwingine kwa fedha taslimu, shamba halijapata mbolea zaidi. Serikali imempunguzia gharama tu. Watafiti wa mpango wa Malawi ulioanza 2005/06 wamelijadili sana jambo hili, na kazi zao zinafaa kusomwa kabla hamjaandaa dodoso.

Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 hupitia usajili wa wakulima, na punguzo huonekana katika bei ya mfuko kwa wakala. Bei za mbolea duniani zilianza kupanda 2021, na vita ya Ukraine ikazipandisha zaidi, hivyo msilinganishe miaka hiyo bila kutenganisha athari ya bei na athari ya ruzuku. Ulizeni pia nani anabeba mtaji kuanzia siku ya mauzo hadi Serikali inapolipa fidia ya punguzo hilo.

Ruzuku za nchi tajiri zichambuliwe kwa zao moja moja. Brazil iliishtaki Marekani katika Shirika la Biashara Duniani kuhusu pamba mwaka 2002, na shauri hilo likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2014. Mkutano wa shirika hilo uliofanyika Nairobi Desemba 2015 ulikubaliana kuondoa ruzuku za mauzo ya nje, lakini misaada mingi ya ndani ya nchi hizo iliendelea. Misaada inayoshusha bei ya pamba duniani humuumiza mkulima wa Simiyu, ilhali ya ngano, ambayo sehemu kubwa tunaiagiza kutoka nje, inaweza kumpunguzia mkazi wa Temeke bei ya mkate.