Usimuulize Baba Aliua Wangapi

Baba yangu alikuwa mgambo kijijini alipoitwa kwenda vitani mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera. Alivuka mpaka wa Uganda pale Mutukula, akapita Masaka, akafika Lukaya, ambako Machi 1979 walipambana pia na askari wa Libya waliotumwa kumsaidia Amin. Vita hivyo nilivisoma shuleni. Yeye hakuvitaja. Nilichokiona nyumbani ni mzee anayekula peke yake uani, asiyekwenda harusini wala msibani, ambaye radi ikipiga hutoka nje akasimama mpaka mvua ikatike.

Tulidhani ni hasira. Mama alikuwa akituambia, "Mwacheni baba yenu." Tukamwacha, na kumwacha huko kukazidi kumtenga.

Aliyemrudisha ni mzee wa mtaa wa pili, naye alipigana Kagera. Alianza kuja kila Jumamosi baada ya alasiri na ubao wake wa bao. Miezi ya mwanzo hawakuzungumza chochote ila mchezo. Siku moja nikipeleka kahawa niliwasikia wakitaja majina ya wenzao ambao hawakurudi. Baba alikuwa analia. Mwenzake hakusema "pole", hakusema "jikaze mwanamume". Aliendelea kusambaza kete taratibu, akamsubiri.

Nami nikatamani kuaminiwa hivyo. Nikawa nakaa na baba jioni tukipukuchua mahindi, hadi akanisimulia habari za kijana mmoja waliyelala naye handaki moja. Nikaenda kuisimulia harusini, kwa fahari, mbele ya shangazi zangu na wageni. Ikamfikia. Nilipomwomba radhi alisema, "Haidhuru, mwanangu," kisha karibu mwaka mzima hakunieleza tena lolote. Nilirudi kila jioni, saa ileile, nikapukuchua na kunyamaza. Sikuona njia nyingine, na hadi leo siijui.

Kwa hiyo wewe mwenye baba, mume au kaka aliyerudi vitani, iwe Kagera au ulinzi wa amani Darfur na Kongo, nakuomba usimuulize aliua wangapi. Muulize walikuwa wakila nini, nani alikuwa akiwachekesha. Akikuambia neno, lifie kwako. Ukimwahidi Jumamosi, nenda Jumamosi hata kukinyesha. Na mtafutie mwenzake waliyepitia naye mambo hayo, kwa kuwa yapo ambayo sisi watoto hatutaambiwa, na si kwamba hatupendwi.

Akikesha usiku baada ya usiku, au akisema amechoka kuishi, msingoje: mpelekeni hospitali, asindikizwe na mtu anayemwamini. Baba alikuwa akikataa kila mara. Alikubali siku rafiki yake alipoingia naye hadi ndani kwa daktari.

Mwaka jana, tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, wazee hao wawili walikaa kwenye redio tangu asubuhi. Niliwaletea chai. Nilipogeuka niondoke, baba alinisogezea kigoda.